Mikono Nyuma

Jumamosi, tarehe 3

Mkutano wa kwanza umefana. Chekechea yetu imefungwa kwa likizo ndefu, lakini nimepewa ufunguo wa chumba kikubwa ili kila Jumamosi, mpaka shule za msingi zikaribie kufunguliwa, niwafundishe wazazi namna ya kuwaandaa watoto wanaoingia darasa la kwanza. Walijaa pomoni. Wakakalia vile viti vidogo vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Baba wa mapacha, mtu mnene wa maneno mengi, alivuta viwili akavikalia kwa pamoja.

Nimewafundisha zoezi langu ninaloliita mikono nyuma. Mtoto anafunga vifungo vya shati, mzazi amesimama mbele yake, mikono ameifumbata mgongoni. Mtoto anavaa viatu, mikono nyuma. Kopo la chakula limemshinda kufungua, analia, mikono nyuma vilevile. Nikawaambia, "Darasani watakuwa wengi na mwalimu ni mmoja. Unachomfanyia leo, kesho hakuna wa kumfanyia." Chumba kizima kilinyamaza. Napenda ukimya ule kuliko hata makofi.

"Mwalimu," akasema baba wa mapacha, "mimi mke wangu ndiye anayenifunga vifungo. Na yeye aweke mikono nyuma?"

Walicheka mpaka nikashindwa kuendelea.

Jumapili, tarehe 4

Nimeshinda kwa mdogo wangu kama kila Jumapili. Yeye ni fundi wa kuchomelea, na mkewe anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, hutoka nyumbani alfajiri. Mtoto wao analelewa na Mama. Wana vyumba viwili na sebule, jiko liko nyuma, na choo kiko mwisho wa ua, unashuka ngazi kwanza.

Mtoto ana miaka sita. Tunamwita Redio kwa sababu hazimi. Kutwa anatangaza, na msikilizaji wake ni mmoja tu. "Bibi, kuna ndoo hapa. Bibi, paka amelala mlangoni. Bibi, shangazi amekuja, amevaa gauni la kijani, amekunja uso."

"Sijakunja uso," nikasema.

"Sasa amecheka, Bibi."

Akili anazo, sina wasiwasi na hilo. Wasiwasi wangu ni Mama. Hawaachani. Wanakula sahani moja, mkono wa huyu umeshika mkono wa huyu, sijui nani anamlisha nani katika umri huo. Mama akitembea, kiganja chake kiko begani kwa mtoto. Na leo nimeshuhudia kwa macho yangu mwenyewe: mtoto wa miaka sita anapelekwa chooni na bibi yake. Wanakwenda wameshikana, wanarudi wameshikana. Nilimuuliza Redio kama ana hamu ya shule. Akasema, "Nikienda shule, Bibi atakaa na nani?"

Wote walicheka. Mimi sikucheka, nimeona watoto wa namna hiyo wakilia langoni mpaka wakatapika.

Jumatano, tarehe 7

Mvua ya kwanza. Chumba changu kinavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, tarehe 10

Somo la leo lilikuwa kumfundisha mtoto kuomba: kuomba maji, kuomba ruhusa ya kwenda chooni, kusema anaumwa wapi. Mama mmoja mshonaji alisimulia kwamba mwanawe amejifunga vifungo mwenyewe, akaruka kimoja katikati, naye alijikaza asimrekebishe. Alikwenda naye sokoni hivyohivyo, shati limepanda upande. Alicheka huku machozi yakimlengalenga. Kazi hii ina raha yake.

Jumapili, tarehe 11

Nimejaribu mikono nyuma kwa mdogo wangu. Redio alinishangaza. Shati, sketi, viatu, kufumba na kufumbua amemaliza. Kisha akamgeukia Mama na kuanza kumfungua vifungo vya sweta ili amfunge upya.

"Acha," nikamwambia. "Bibi ni mtu mzima."

"Amekosea, shangazi. Kimoja kimepanda juu."

"Mwache tu," Mama akasema. "Tumeshazoeana."

Nikaona nitoke naye sisi wawili hadi dukani, Mama abaki. Mpaka getini alikuwa mzuri. Pale akachomoka mkononi mwangu akarudi mbio. Nilipomfikia, Mama amesimama katikati ya sebule, mikono ameitanguliza mbele, anauliza, "Uko wapi wewe? Uko wapi?" na mtoto yuko hatua moja kutoka kwake. Nilikerwa. Mimi nahangaika kumzoesha kuachana naye, yeye anamchezesha mchezo wa kujificha.

Nilimvuta mdogo wangu pembeni. Nikamwambia tatizo si mtoto, tatizo ni Mama.

Jumatatu, tarehe 12

Mvua tangu asubuhi. Nguo hazikauki.

Jumatano, tarehe 14

Tumekaa kikao: mimi, mdogo wangu, Wifi na Mama, na kaka yetu mkubwa kwenye simu kutoka mji anakoishi. Nilieleza kwa utaratibu. Mtoto amemng'ang'ania Mama kupita kiasi. Shule ikifunguliwa hali ikiwa hivi, hatakaa darasani hata nusu saa. Dawa ni kuwatenganisha mapema, Mama akakae kwa Kaka mpaka mtoto azoee shule. Nilisema "kitaalamu" mara kadhaa, mdogo wangu hulipenda neno hilo.

Wifi alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza. "Mimi nina jambo kuhusu Mama," akasema.

"Wifi, leo tunamzungumzia mtoto," nikamkata. Ni mpole mno huyu dada, angeanza kulia tusifike popote.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Nilijiandaa kwa vita. Akasema tu, "Mwalimu akishasema, mimi nani?" Mara chache Mama ananiita mwalimu. Nimefurahi, sitaki kuficha.

Ijumaa, tarehe 16

Kaka amekuja na gari lake kumchukua. Mvua ilikuwa imekatika lakini njia yote ilikuwa madimbwi. Redio alitangulia mbele ya Mama, anatangaza kama kawaida yake: "Bibi, kuna maji hapa, pita kushoto. Bibi, gari liko juu, nyanyua mguu." Nilimshika mikono yote miwili nikamrudisha nyuma. Nikamwambia kwa upole kwamba Bibi anajua kupanda gari.

Mama akajigonga ugoko kwenye ukingo wa mlango. "Ni machozi hayo," akasema Kaka, akamshika kiwiko na kumwingiza. Mimi nilikuwa karibu. Mama hakuwa na machozi. Sijui kwa nini naliandika hilo.

Redio hakulia. Alilitazama gari mpaka likapinda kona. Nimelichukulia kuwa dalili njema.

Jumamosi, tarehe 17

Nimewapa wazazi mfano wa nyumbani kwetu, ila nimesema tu "kuna bibi mmoja na mjukuu wake." Baba wa mapacha alipiga makofi. Mama mshonaji aliuliza, "Na huyo bibi, mwalimu, yeye mwenyewe alisemaje?"

Nilimjibu kwamba bibi alielewa.

Jumapili, tarehe 18

Redio kimya. Hata mvua hakuitangaza.

Alhamisi, tarehe 22

Wifi amenipigia akiwa kazini. Mtoto anakojoa kitandani, na tangu Mama aondoke hajatamka neno. Nikamwambia ni kawaida, mtoto hurudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele, ajikaze kisabuni. Nilisikia milio ya trei za mikate na pumzi yake. Kisha akasema, "Haya, wifi yangu," akakata.

Jumapili, tarehe 25

Nimemkuta Redio amekaa kwenye ngazi za ua, anatazama choo, manyunyu yanamwangukia. Mdogo wangu anasema kila siku anakaa hapo, wakimwingiza ndani anarudi. Nilikaa naye. Nilimletea penseli za rangi. Alizipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaziweka kando kwenye maji.

"Unataka nini, mwanangu? Mwambie shangazi."

Alinitazama muda mrefu. Nimetazamwa na watoto wengi, wanaodanganya, wanaoogopa, wanaotaka pipi. Mtazamo ule sikuujua. Alikuwa kama mtu mzima anayepima kama unaweza kuambiwa jambo. Akaona siwezi, akageukia choo tena.

Ndani, Wifi alipakua chakula. Nilipoanza kueleza habari ya uvumilivu, aliweka mwiko chini.

"Wewe unawajua watoto," akasema. "Huyu mmoja humjui. Unakuja Jumapili, unakula, unatufundisha, unaondoka. Mimi ndiye ninayefua mashuka."

Mdogo wangu akamwambia aombe radhi. Hakuomba. Nilirudi kwangu nikiwa nimefura, nikaandika hapa ukurasa mzima wa kumjibu. Nimeusoma, hauna mashiko, nimeuchana.

Jumanne, tarehe 27

Mvua. Nimempigia Kaka. Anasema Mama mzima, ila hatoki chumbani. "Amezeeka ghafla," akasema. "Hata chai anamimina pembeni ya kikombe."

Nikasema labda anamkumbuka mjukuu.

Jumamosi, tarehe 31

Mama mshonaji alisimama akanishukuru mbele ya wote. Mwanawe sasa anavaa, anakula, anaomba ruhusa kwa sauti. Watu wakapiga makofi. Nilitazama sakafu. Zimebaki wiki mbili shule zifunguliwe, na mtoto wa ndugu yangu mwenyewe hasemi. Nilijihisi mwizi anayepokea zawadi.

Jumatatu, tarehe 2

Mama ameanguka.

Kaka alinipigia mchana. Kwao ni ghorofani. Mama alitoka chumbani kwenda chooni, akapinda upande usio wenyewe, akashuka ngazi zote kwa mgongo. Mkono umevunjika, uso umechubuka. Hospitali wamemfunga plasta. "Mchana kweupe, dada," Kaka alikuwa anarudia. "Ngazi hizi hapa, zinaonekana kutoka mlangoni. Amezikosaje?"

Nilikwenda kwa mdogo wangu nikikimbia, mwavuli nimeusahau. Wifi ndiyo kwanza amerudi kazini, ana unga kwenye nywele. Nilimweleza jikoni kwa sauti ya chini, lakini nyumba ile haina sauti ya chini. Tulipogeuka, Redio amesimama mlangoni.

"Mlimwambia kuna ngazi?"

Sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumika. Wifi alijishika mdomo.

"Nani, mwanangu?" nikauliza.

"Bibi. Kule kwa baba mkubwa. Nani alikuwa anamwambia kuna ngazi?"

Nilipiga magoti nikamshika mabega. Nikamuuliza kwa nini Bibi aambiwe kuna ngazi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Haoni," akasema. "Anaona mwanga tu. Na gauni lako la kijani kidogo, ukisimama dirishani. Alisema nisimwambie mtu. Sasa nimesema."

Na hapo ndipo alipolia, kilio cha zile siku zote alizokaa kimya. Wifi alimbeba. Mimi nilibaki nimepiga magoti kwenye sakafu ya jiko.

Kwa hiyo mtoto alikuwa hapelekwi chooni. Alikuwa anampeleka. Mkono juu ya mkono kwenye sahani, alikuwa anamwonyesha chakula kilipo. Kile kiganja begani, vile vifungo vya sweta, ile ndoo, yule paka mlangoni. Kila kitu nilikiona. Nilikiona chote, nikakisoma kinyume. Na siku ile ya gari, mtoto alipokuwa anafanya kazi yake, mimi ndiye niliyemshika mikono.

Wifi alirudi, amemlaza mtoto. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Hilo ndilo nililotaka kusema kwenye kikao," akasema. "Nilimkuta siku moja anachambua mchele kwa vidole, uso kauelekeza ukutani. Sikuwa na hakika. Nilitaka tumpeleke hospitali."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema leo tunamzungumzia mtoto."

Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Nimekuwa nikimwita mpole mno. Yeye ndiye pekee katika nyumba ile aliyemtazama Mama, na mimi nilimnyamazisha kama mtoto aliyenyoosha kidole kabla ya zamu yake.

Jumanne, tarehe 3

Tumesafiri watatu, mimi, mdogo wangu na Redio. Njia nzima nilipanga maneno.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mkono umening'inizwa kwa kitambaa. Redio alisimama mlangoni, hakumkimbilia. Akatangaza kwanza.

"Bibi, ni mimi. Tuko watatu, na baba na shangazi. Shangazi amevaa nguo ya kahawia. Analia."

"Mwambie aache," Mama akasema, na uso wake wote ukafunguka.

Mtoto akapanda kitandani, akaanza ukaguzi. "Bibi, huku pembeni ya jicho pamekuwa zambarau."

"Afadhali. Lilikuwa halina kazi."

Yale maneno niliyoyapanga yote yalinitoka kichwani. Nikapiga magoti nikasema, "Nisamehe, Mama." Alinyoosha ule mkono mzima, akapapasa hewani, akapata kichwa changu. Aliugusa uso wangu polepole, paji, pua, mdomo. Sikukumbuka mara ya mwisho aliponigusa uso. Ningekuwa namkaribia kila Jumapili badala ya kukaa kule kwenye kochi, angekuwa amenigusa zamani, na ningejua.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikasema bado. Basi akamwita mke wa Kaka, akataka nipewe chakula, na habari ya msamaha ikaishia hapo. Sijui kama nimesamehewa au nimelishwa tu.

Alhamisi, tarehe 5

Hospitali ya macho. Ni presha ya macho. Daktari, kijana mwenye sauti ya taratibu, alieleza kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Kuna dawa ya matone ya kulinda ule mwanga mdogo uliobaki. Akamuuliza Mama ilianza lini.

Mama alifikiri. "Kabla huyu hajaanza kuongea," akasema, akimgusa Redio.

Daktari aliandika bila kuinua macho. "Angeletwa mapema tungeokoa mengi," akasema. Hakumsema mtu. Lakini mimi ndiye niliyesoma kuliko wote katika familia yetu, na nilikuwa nakaa mita chache kutoka kwa Mama kila wiki.

Kwa hiyo mtoto yule alijifunza kuongea kwa kumweleza bibi yake vitu vilivyo mbele yao. Na sisi tukampa jina la utani.

Jumamosi, tarehe 7

Mkutano wa mwisho. Nilitaka kusema naumwa. Nilikwenda.

Niliwaambia kwamba yule bibi wa mfano wangu ni mama yangu mzazi, nikawaeleza yote, mpaka ngazi. Nikawaambia mikono nyuma si kosa, lakini kabla hujaiweka nyuma, tazama kwanza mikono ya mtoto inashika nini. Chumba kilinyamaza, na safari hii sikuupenda ukimya.

Baba wa mapacha alinyoosha kidole kama mwanafunzi. Nikajua analeta utani.

"Mwalimu," akasema, "mapacha wangu, mmoja humvalisha mwenzake. Mimi nimekuwa namchapa kwa hilo tangu mkutano wa kwanza. Sasa sijui. Nifanyeje?"

Nilimwambia sijui. Nikamwambia aanze kwa kumuuliza mtoto. Alikaa, akafuta uso kwa kiganja. Sikuwahi kusema sijui katika chumba kile.

Jumapili, tarehe 8

Mama amerudi kwa mdogo wangu. Nimekaa naye mkekani, sikukaa kwenye kochi.

"Kwa nini hukuniambia, Mama? Mimi, binti yako."

"Mngetafuta msichana wa kazi, mimi mngeniketisha kwenye kiti. Mtoto mngempeleka kulelewa kwingine."

"Nisingefanya hivyo."

Na mimi mwenyewe nikasikia nilichosema.

"Na tena," akaendelea, "wewe ukija una habari nyingi. Wazazi hivi, watoto vile. Nilizipenda. Hukuwahi kuniuliza kitu kinachohitaji macho, kwa hiyo na mimi sikukudanganya."

Alilisema kunifariji. Limenichoma zaidi ya yote.

Jumatatu, tarehe 9

Redio ametoa sharti. Atakwenda shule iwapo Bibi atafika chooni na kurudi peke yake. Vinginevyo haendi, na hata polisi waje.

Jumatano, tarehe 11

Mvua imetuachia siku nzima. Mdogo wangu amefunga karakana yake, ameleta mabomba, ameyachomelea kutoka mlango wa jikoni mpaka choo, ngazi zote zimepata pa kushikia. Wifi ameomba zamu ya mchana huko kwenye tanuri, amekubaliwa kuanzia wiki ijayo siku ya Jumatano, kwa hiyo asubuhi atakuwepo. Mimi nimeahidi kufika kila siku nikitoka kazini, na safari hii sikueleza ratiba yangu, nilisema tu nitakuja. Wifi alinitazama pembeni. Atanihesabu, najua, na ana haki.

Jaribio lilifanyika jioni. Mama alishika bomba kwa mkono mzima, akashuka. Redio alisimama juu ya ngazi ya mwisho, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Maneno yalikuwa yanamsukuma mashavu. Mama alikosea mara moja, akagusa ukuta, akarudi, akafika. Mlango wa choo ukafungwa. Sote tulisimama ua mzima tunausubiri mlango wa choo, fundi, muoka mikate, mwalimu na mtoto.

Mama akapaza sauti kutoka ndani: "Mtanitazama mpaka lini? Nendeni zenu!"

Redio aliondoa mikono mdomoni akacheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, tarehe 14

Nimemfulia Mama nguo zake. Ameniambia sabuni haijatoka vizuri. Ni kweli, haikuwa imetoka.

Jumatatu, tarehe 16

Shule za msingi zimefunguliwa leo. Sisi wa chekechea bado wiki moja, na Wifi hajabadilishiwa zamu, mdogo wangu ana kazi ya mtu, basi tumempeleka mimi na Mama. Nilimwambia Mama abaki, barabara ina matope. Akauliza viatu vyake viko wapi.

Langoni palikuwa na vilio vya kila namna. Nilimwona mama mshonaji, alinipungia kwa mbali. Redio alikuwa amevaa sketi mpya inayomfika chini ya magoti, ameshonewa ya kukulia. Alimvuta Mama chini, wakanong'onezana, kichwa kwa kichwa, kwa muda mrefu mpaka kengele ikalia. Kisha akauchukua mkono wa Mama begani kwake, akauweka kwenye mkono wangu, akaingia kwenye mstari.

Nilimtazama mpaka mlango wa darasa. Watoto wengine waligeuka kila hatua. Yeye hakugeuka hata mara moja.

"Amegeuka?" Mama akaniuliza. Alikuwa ameinua uso, ameuelekeza kando kidogo, kwenye ukuta wa ofisi.

Ningeweza kusema hapana. Nilimwangalia, ile michubuko bado ya njano chini ya jicho, mkono kwenye plasta, mdomo umefunguka kidogo kwa kungoja. Mimi ndiye niliyekuwa nimemtenganisha na huyu mtoto, na sasa mtoto ameingia ndani bila kumtazama. Sikuweza.

"Amegeuka, Mama. Anakupungia."

Mama akainua mkono wake mzima juu kabisa, akaupungia ukuta wa ofisi, anatabasamu. Alipunga muda mrefu. Wazazi wawili watatu walitazama ukuta, wakamtazama yeye, wakatazama pembeni. Nilimwacha apunge. Sikujua nimwambie saa ngapi aache.

Tulirudi polepole. Tulipofika kwenye barabara kubwa tukasimama, magari yalikuwa mengi.

"Nilimwambia asigeuke," Mama akasema. "Pale tulipokuwa tunanong'ona. Nilimwambia akigeuka atanionea huruma, atarudi. Akaniapia hatageuka. Nilitaka tu kujua kama ameshika neno."

"Kwa hiyo ulijua nakudanganya."

"Nilijua."

"Mbona sasa ulipunga, Mama? Watu wote wale wanakuangalia, kwa nini ulipunga?"

Akanigeuzia uso, kana kwamba jibu lilikuwa wazi siku zote na mimi tu ndiye nisiyelijua.

"Wewe ulitaka nipunge," akasema.

Magari yakapungua, nikamwambia njia ni nyeupe, tukavuka.